Saa, Joto na Maji: Lini Tubadilishe Oili ya Gari Linalotumikishwa Sana

Mhadhara kwa madereva, wamotari, mafundi na wanafunzi wa mekanika, Kindu, Maniema

Nawashukuru mafundi wa garaji za Kasuku na Mikelenge, kwa kuwa mengi nitakayoyasema wao wanayashika kwa mikono kila siku. Wenzetu wa Alunguli wamevuka mto ili wafike. Tutamaliza kabla giza halijaingia, warudi salama.

Nimeombwa nijibu swali moja. Gari linaloendeshwa kwa nguvu libadilishiwe oili na vimiminika vyake vingine kila baada ya muda gani? Swali hili huulizwa sana na watu wa mashindano, wale wanaozungusha gari katika uwanja wa mbio kwa kasi ya mwisho. Kindu hatuna uwanja wa mbio. Tuna barabara ya Kasongo, ya Kalima, ya Punia na ya Lubutu. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba gari linalofanya kazi katika barabara hizo linafanana zaidi na gari la mashindano kuliko lile gari la lami ambalo mwenye kiwanda alilifikiria alipoandika kitabu chake. Nikifaulu, mtatoka hapa mkiwa mmeacha kuhesabu kilomita peke yake, mkianza kuhesabu saa, kupima joto na kuyachukulia maji kuwa adui mkubwa.

Nitapanga hoja zangu kwa namba ili wanaoandika wasipotee.

1. Kilomita peke yake haitoshi

Chukueni magari mawili ya aina moja, yenye injini sawa na oili sawa. La kwanza liko kwenye lami, linatembea kilomita 60 kwa saa. La pili limebeba mizigo kuelekea Kasongo wakati wa mvua. Ukijumlisha mashimo, madaraja ya miti na kukwama, wastani wake ni kilomita 15 kwa saa. Kitabu kinasema oili imwagwe kila kilomita 5,000. Gari la kwanza litafika namba hiyo injini ikiwa imeunguruma saa 83. La pili litafika ikiwa imeunguruma saa 333. Oili ya gari la pili imepikwa, imesagwa na kubeba masizi kwa muda mara nne zaidi, na dereva wake bado anaamini amefuata sheria, kwa sababu hajapitisha namba ya kitabu hata kidogo. Dereva huyo si mvivu. Amepewa kipimo kisichomfaa.

Mashine nyingine za mji huu hatuzihesabu hivyo. Mwenye jenereta ndogo ya esansi anajua kwamba oili ya kwanza humwagwa baada ya saa 20 hivi, kisha kila saa 100. Jenereta kubwa za mazuti mara nyingi hupewa saa 250. Injini za nje za boti zinazoteremka mto Lualaba kwenda Ubundu zina desturi ya saa 100. Ndege zinazotua kiwanjani kwetu huhesabiwa saa za kuruka, na hakuna rubani anayeuliza zimepita kilomita ngapi. Mji wetu umeishi na mashine kubwa tangu reli ya kwenda Kongolo ilipofunguliwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Hesabu ya saa si elimu ngeni hapa. Gari na pikipiki tu ndizo tulizoziachia kilomita, kwa kuwa zilibuniwa zikatumike mahali ambapo saa na kilomita huenda pamoja.

Basi tubadilishe hesabu. Saa 83 kwa mwendo wa kilomita 15 ni kilomita 1,245. Hapo ndipo oili ya gari la Kasongo inapokuwa imefanya kazi sawa na ile ya gari la lami lililomaliza 5,000.

Namwona mzee mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Najua anawaza bei ya bidoni moja ya oili hapa Kindu, na yuko sahihi kuiwaza, maana kila kitu kinachofika kwetu kimelipiwa ndege, reli au mto. Lakini mzee wangu, beringi za injini nazo zinakuja kwa ndege hiyohiyo. Piston nazo. Tena zinakuja baada ya gari kusimama majuma, mzigo ukiharibika na wafanyabiashara wakidai fedha zao. Mahali ambapo vipuri viko mbali, oili ndiyo kipuri cha bei nafuu kuliko vyote.

Nirudi kwenye kitabu, kwa sababu nisingependa mwondoke mkidhani wenye viwanda wametudanganya. Vitabu vingi vya magari vina safu mbili za ratiba. Ya kwanza ni ya matumizi ya kawaida. Ya pili ni ya matumizi magumu, na inayataja wazi: vumbi, matope, kuvuta au kubeba mizigo mizito, mwendo wa polepole kwa muda mrefu, injini kuachwa ikiunguruma gari limesimama. Mara nyingi muda wa safu hii ni nusu ya ule wa kwanza. Someni orodha hiyo, mtaona imeelezwa safari ya kwenda Punia neno kwa neno. Tunachokosea ni kusoma safu ya kwanza na kufunga kitabu.

Jambo la kuunguruma gari limesimama linahitaji maneno yake. Wengi wetu hatuzimi injini tunaposubiri kuvuka kwenda Alunguli au tunapopakia sokoni, kwa kuwa betri ni dhaifu na tunaogopa gari lisiwake tena. Mtu hudhani injini hapo inapumzika. Injini inayounguruma taratibu haipati joto la kutosha. Mafuta yasiyoungua vizuri hupenya kando ya ringi za piston na kuteremka hadi kwenye sampu, yakaipunguza oili uzito. Saa hizo ziandikeni pia. Na ikiwezekana nunueni betri.

Pendekezo langu kwa magari ya mazuti yanayofanya kazi barabara zetu ni saa 100 za injini, pamoja na filta mpya kila mara. Huo ni uamuzi wangu, nimeupima kwa hesabu niliyowaonyesha na kwa injini ninazozifungua. Wasio na mita ya saa waandike muda wa kuwasha na wa kuzima.

2. Joto, na yale tunayofundishwa na watu wa mbio

Mtu anayependa mbio hupeleka gari lake uwanjani siku moja, akaliendesha kwa vipindi vya dakika 20 hivi, akapumzika, akarudi. Jioni mita inaonyesha kilomita mia moja na kitu, labda mia mbili. Ni safari fupi kuliko ya kutoka hapa kwenda Kasongo. Hata hivyo wengi wao humwaga oili baada ya siku chache tu za namna hiyo, na mafuta ya breki huyatoa hewa au kuyabadilisha kabla ya kila mashindano. Asiyejua atawaona kama watu wanaochezea fedha. Wanafanya hivyo kwa sababu ya joto.

Oili huzeeka kwa kuungana na oksijeni, na muungano huo huenda haraka kadiri joto linavyopanda. Kanuni ya mkono ambayo mafundi wa dunia nzima huitumia ni hii: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, kasi ya kuzeeka huongezeka mara mbili. Oili iliyozoea nyuzi 100 ikifanyishwa kazi kwa nyuzi 120, maisha yake hupungua hadi robo. Ikifika 130, ni sehemu moja ya nane. Wanafunzi, andikeni hilo, kwa kuwa ndilo jibu la swali zima kwa upande wa injini.

Sasa linganisheni. Gari la uwanjani linapata joto kali, lakini pia linapata upepo mkali unaopita kwenye rejeta. Gari letu lililozama matopeni linazungusha injini kwa gia ya kwanza, limebeba tani za mchele au mafuta ya mawese, na halipati upepo wowote ila ule wa feni. Zaidi ya hapo rejeta yake imezibwa na matope na mbegu za majani. Kwa hiyo, kwa upande wa kupoza, sisi tuna hali ngumu kuliko wao. Kuosha rejeta kwa maji ya polepole kutoka upande wa injini kwenda nje, kila mwisho wa safari, ni kazi ya bure inayorefusha maisha ya oili.

Ndani ya rejeta napo tunakosea. Tunachota mtoni na kumimina. Maji ya Lualaba yana udongo, na udongo huo hukaa katika mirija myembamba, ukakauka na kuziba. Dawa ya rejeta, ile ya kijani au nyekundu, watu hudhani ni ya nchi za barafu peke yake, lakini inakinga chuma na aluminiamu visiliwe na kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Mfuniko nao una kazi kubwa: ukishikilia shinikizo vizuri, maji hayachemki kwa nyuzi 100 bali karibu na 120. Mfuniko uliolegea huifanya injini ichemke hata kama rejeta ni nzima. Dawa hiyo ibadilishwe kila miaka miwili kwa kuwa nguvu yake ya kuzuia kutu huisha. Asiyeipata atumie maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye bati baada ya mvua kuliosha kwanza na kuhifadhiwa katika bidoni safi. Mvua Maniema tunayo ya kutosha.

Nirudi kwa watu wa mbio. Mashindano yaliyo karibu nasi zaidi, kwa njia na kwa tope, ni Safari Rally ya Afrika Mashariki. Yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika Pasaka, katikati ya masika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakafika saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakafika saba tena. Miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404, gari ambalo wazee waliopo hapa hawahitaji kuelezwa. Katika miaka hiyo ya tope, kufika kwenyewe kulikuwa ushindi.

Yupo mwingine ninayependa wanafunzi wamjue, Joginder Singh wa Kenya. Alikulia katika garaji ya baba yake, akashika spana kabla ya kushika usukani wa mashindano. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, si gari jipya la kiwandani. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Fundi akiwa dereva, husikia gari linapoanza kuumwa, na hilo linawezekana hapa Kindu kama lilivyowezekana Kenya.

3. Maji

Hapa nitakaa, mniwie radhi, kwa sababu hii ndiyo hoja ambayo watu wa uwanja wa lami hawana, na ndiyo inayomaliza magari yetu.

Fikirieni gari limetembea nusu siku. Difu la nyuma lina joto la nyuzi 80. Mbele kuna mto mdogo usio na daraja, maji yanafika juu ya kitovu cha gurudumu, nayo yana nyuzi 25. Gari linaingia. Ndani ya difu, juu ya oili, kuna hewa. Hewa hiyo inapopoa ghafla kutoka nyuzi 80 hadi 25 husinyaa kwa karibu sehemu moja ya sita, na nafasi hiyo lazima ijazwe na kitu. Difu lina tundu la kupumulia, lenye kifuniko kidogo juu ya eksili. Kama tundu liko ndani ya maji, linanyonya maji. Kama limezibwa na tope, maji yatanyonywa kupitia sili. Dereva ametoka ng'ambo salama, anafurahi, na difu limekunywa.

Baada ya hapo meno ya gia huyachanganya maji na oili mpaka yanakuwa rangi ya kahawa yenye maziwa. Oili ya namna hiyo haiwezi tena kutenganisha chuma na chuma. Beringi hupata kutu usiku gari likiwa limelala, na asubuhi kutu hiyo husagwa kuwa mchanga laini unaokula kila kitu. Fundi anafungua difu baada ya miezi kadhaa, anakuta meno yamechubuka, mwenye gari anasema vipuri vya siku hizi ni vibaya.

Dawa ya kwanza ni bomba. Ondoeni kile kifuniko cha tundu la kupumulia, fungeni mpira mwembamba usiodhuriwa na oili, mpandishe hadi juu ya injini au nyuma ya taa, ncha yake ikitazama chini. Fanyeni hivyo kwa difu zote mbili, kwa gia boksi na kwa ile gia boksi ndogo ya kugawa nguvu mbele na nyuma. Gharama yake ni ndogo na fundi kijana anaimaliza kwa alasiri moja. Watu wa mashindano wanalijua hilo vizuri. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, pale Naivasha, vumbi jembamba na mito viliwakumba wote, na baadaye Toyota waliyafungia magari yao bomba la kupandisha njia ya hewa ya injini hadi usawa wa paa. Gari la gharama kubwa kuliko lolote tulilonalo Maniema linavaa bomba. Land Cruiser ya kwenda Lubutu isione haya kulivaa.

Dawa ya pili ni kutazama. Kila mnapovuka maji yaliyopita kitovu cha gurudumu, jioni hiyo au kesho yake fungueni boliti ya kujazia, ingizeni kidole safi. Oili ikiwa na rangi yake, fungeni. Mkitilia shaka, liacheni gari lilale mahali tambarare, asubuhi wekeni kopo safi chini na mlegeze boliti ya kumwagia bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili. Kama hayajachanganyika, yatatoka kwanza. Yakitoka maji matupu kisha oili safi, mmewahi. Ikitoka ile rangi ya maziwa, mwageni yote, msiuhurumie mfuko.

Kuna jaribio jingine ambalo maabara za oili hulifanya, nasi tunaweza kulifanya jikoni. Pasha kijiko cha chuma juu ya makaa hadi kiwe cha moto sana, kisha dondosha matone mawili ya oili. Ikitulia na kutoa moshi kidogo, haina maji. Ikipasuka-pasuka kwa mlio, ina maji. Wekeni uso mbali, na watoto wasikaribie.

Ni mara ngapi basi? Vitabu vingi huipa oili ya difu na ya gia boksi makumi ya maelfu ya kilomita. Kwa magari yasiyogusa mto nakubali. Kwa yetu nasema mara mbili kwa mwaka bila kuangalia kilomita: mvua zinapoanza kukatika kuelekea Juni, na katikati ya msimu wa mvua ulio mrefu. Pamoja na hapo, kila mara mnapoona maziwa. Na angalieni maandishi ya chupa. Difu linataka oili ya daraja la GL-5, iliyotengenezwa kwa meno yanayosuguana kwa shinikizo kubwa. Gia boksi nyingi za mkono, zenye pete za shaba njano ndani, zinataka GL-4, kwa sababu baadhi ya dawa kali za GL-5 huila shaba hiyo. Fundi anayemimina oili moja kila mahali anaharibu gia boksi polepole, na mwenye gari hatajua nani alaumiwe.

Kuhusu maji yanayoingia kwenye injini kwa njia ya hewa, ni fupi: injini ikizimika ndani ya mto, msijaribu kuiwasha tena. Maji hayasinyai kama hewa. Piston itayagonga na koneksheni rodi itapinda. Livuteni gari nje, fungueni filta ya hewa, toeni nozeli au plagi, zungusheni injini maji yatoke, kisha mbadilishe oili.

4. Mafuta ya breki

Mafuta ya breki ya kawaida hunywa unyevu wa hewa, hata kupitia mipira ya mabomba na mfuniko wa chupa yake. Hewa ya Kindu ina unyevu karibu mwaka mzima, kwa hiyo yanakunywa haraka. Tazameni namba hizi. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205. Yakishapata maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. DOT 4 hutoka 230 hadi 155. DOT 5.1 hutoka 260 hadi 180. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke husinyaa ukikanyagwa, na pedali inakwenda hadi chini bila gari kusimama. Uwanjani dereva hutoka nje ya njia akaingia mchangani. Kwenye mteremko wa kuelekea mto, na watu wameketi juu ya mizigo, hakuna mchanga wa kuwapokea.

Kwa hiyo mara moja kwa mwaka, yote yamwagwe na kusafishwa hadi yatoke mapya kwenye magurudumu yote manne. Gari la abiria, kila miezi sita. Nunueni chupa ndogo. Iliyofunguliwa ikabaki nusu mwaka kwenye rafu haifai tena. Nimeona njiani watu wakijaza maji ya sabuni au oili ya injini katika breki ili wafike nyumbani. Oili ya injini huvimbisha mipira ya breki yote, na baada ya hapo kila kipande cha mpira lazima kibadilishwe. Nawaomba sana, lisifanyike.

5. Pikipiki

Wamotari wangu, ninyi mna mashine ngumu kuliko zote zilizo nje ya ukumbi huu. Oili yenu ni karibu lita moja tu, na lita hiyo inafanya kazi tatu kwa pamoja: inalainisha injini, inalainisha gia, na klachi yenu inaogelea ndani yake. Gia huikata oili uzito haraka kuliko injini inavyofanya. Juu yake mnaweka abiria wawili na gunia, au bidoni za mawese kushoto na kulia, kuanzia alfajiri hadi usiku, katika jua, kwa injini inayopozwa na hewa.

Kwa anayefanya kazi kila siku nasema amwage oili kila juma la pili, na anayebeba mizigo ya mbali, kila juma. Tafuteni chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama ya Wajapani kwa pikipiki ambazo klachi yake iko ndani ya oili. Oili ya magari madogo ya kisasa mara nyingi ina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Mkiitumia itateleza mlimani. Kiangazi kikija, safisheni filta ya hewa kila jioni. Vumbi jekundu la barabara zetu lina chembe ngumu kuliko chuma cha silinda, na likishaingia, oili mpya hugeuka kuwa ya kusagia.

6. Oili iliyomwagwa

Kabla ya kufika kwenye oili iliyomwagwa, nitasema kidogo tu juu ya oili bandia, kwa sababu mnaijua. Chupa tupu yenye jina kubwa hujazwa upya sokoni. Mkimaliza oili, toboeni chupa kabla ya kuitupa. Na msihukumu oili kwa weusi. Oili ya mazuti hugeuka nyeusi mapema kwa kuwa inabeba masizi, na hiyo ni kazi yake. Dondosheni tone moja kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, mwache kutwa nzima. Tone likisambaa kwa mduara mpana unaofifia taratibu, oili bado inabeba uchafu. Likibaki doa jeusi katikati lenye ukingo mkali, imechoka.

Sasa ile iliyochoka tunaimwaga wapi? Nimetembea garaji zetu, nimeona inakwenda kwenye mfereji, na mfereji unakwenda Lualaba. Idara ya mazingira ya Marekani husema oili ya kumwaga gari mara moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji matamu. Sisi tunaosisitiza oili imwagwe mara nyingi zaidi tuna wajibu mkubwa zaidi wa kuikusanya, la sivyo tutakuwa tunaponya injini na kuwaumiza wanaochota maji chini ya bandari. Oili hiyo ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi. Mafundi vijana, osheni mikono kwa sabuni, msioshe kwa esansi. Kuipaka mbao dhidi ya mchwa wengi hufanya. Ipakeni mbali na kisima na nyumba za kulala.

Ndugu zangu, naomba tuanze kazi mbili msimu huu. Ya kwanza ni daftari. Kila gari na kila pikipiki iwe nalo, lenye safu nne: saa za injini, mito iliyovukwa, oili iliyowekwa na jina lake, na kile fundi alichokiona alipofungua. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wako tayari kuzunguka garaji na kusaidia wasiopenda kuandika. Kazi ya pili ni mapipa. Tutaomba wenye garaji watenge pipa moja lenye mfuniko kwa kila mtaa, na tutaongea na wakuu wa komini zetu tatu, Kasuku, Mikelenge na Alunguli, kuhusu mahali pa kuyaweka na nani atayachukua yakijaa.

Pamoja na daftari, kila anayemwaga oili adondoshe tone kwenye karatasi, aandike saa na barabara aliyotoka, atuletee. Tutazibandika ukutani hapa, za Kasongo upande mmoja, za Punia na Lubutu upande mwingine, za pikipiki za mjini peke yake. Nataka tuwe na za mvua zote kabla ya mwisho wa Mei, kisha tukusanye za vumbi hadi Agosti. Hapo tutajua kama saa 100 nilizozitaja leo ni nyingi au ni chache kwa barabara zetu, na tutazirekebisha pamoja. Karatasi zimewekwa mezani karibu na mlango, na penseli zipo.